Msumari wa Upande wa Ziwani

Ghala la mikeka, uwanjani, Kisumu
Alhamisi, saa kumi alasiri

Kwako Akinyi, mwanangu,

Tuko hatua mia mbili tu, wewe na mimi, na bado nakuandikia barua kama mtu aliye ng'ambo. Kupitia dirisha la ghala naiona nyumba yetu na nguo zako za safari ulizozianika kwenye kamba. Ningeweza kuvuka uwanja nije nikueleze kwa mdomo. Nimejaribu mara tatu tangu Jumapili. Kila nikifika mlangoni najikuta nakuuliza kama umekula.

Mambo ya sweta, ya dawa za malaria, ya kutomwachia mtu pasipoti yako, mama yako aliyamaliza kabla hajaenda Usenge, na mengine unayajua kuliko sisi. Hapo sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na ni la aibu, na aibu yenyewe ni yangu. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaja kuniuliza.

Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa nyumbani tunasema Dholuo. Neno ninalotaka kulifuta nililisema kwa Kiswahili mbele ya kamati ya klabu ya kriketi, na sitaki kujificha kwenye lugha nyingine.

Jumapili, siku ya maombi ya kukuaga, ulisimama uani kwetu mbele ya watu wa kanisa na majirani ukawashukuru mmoja mmoja. Halafu ukanigeukia. "Baba yangu," ukasema, "ndiye alinifundisha kukaza kazi mpaka mwisho. Kwetu ukiosha sufuria ibaki na masizi, unaambiwa hiyo ni kazi ya Odera. Sasa naenda India kusoma, na nawaahidi mbele ya Mungu, sitafanya kazi ya Odera." Watu wakacheka sana. Mchungaji mwenyewe alifuta machozi ya kicheko. Mjomba wako Odera, ndugu wa mama yako, alikuwa ameketi nyuma kabisa karibu na lango, gunia la dagaa, ile omena aliyokuletea, likiwa miguuni pake. Naye alicheka. Alipiga makofi. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Hukukusudia ubaya, mwanangu. Ulirudia ulichofundishwa, na mwalimu nilikuwa mimi.

Ili unielewe lazima nirudi nyuma kidogo, na lazima nizungumze habari za viwanja, maana kosa langu lilianzia hapo. Unajua kazi yangu. Kila asubuhi tangu kabla hujazaliwa nimekuwa nikiamka kufukia nyayo za viboko wanaotoka ziwani kula nyasi zetu. Nimekata nyasi, nimepaka chokaa mistari, nimevuta rola juu ya ile murram katikati, ule udongo mwekundu wa changarawe. Viwanja vya wenzetu wenye uwezo vina nyasi hapo katikati mpira unapodunda. Chetu kina murram iliyoshindiliwa, na juu yake tunatandika mkeka mrefu wa makumbi ya nazi, mzito kama ng'ombe, tunaukaza kwa misumari mirefu kila upande. Umenisaidia kuuviringisha mara nyingi. Unakumbuka nilivyokuonyesha namna ya kuupima: unainama, unaukamata ukingo kwa vidole viwili, unajaribu kuuinua. Ukiinuka hata kidogo, hakuna mechi mpaka urudie kukaza.

Kazi hiyo nilifundishwa na Mzee Mavji, yule Mhindi aliyekuwa akiandika mabao. Wewe ulikuwa ukimwita babu wa miwani. Alikuwa na duka la vitambaa, na mke wake alipofariki akawa anashinda hapa. Alikuwa na sanduku la magazeti ya zamani ya kriketi, na jioni tukimaliza kazi alikuwa akinionyesha picha na kunisimulia viwanja vya dunia. Mimi niliyeacha shule darasa la sita nilikuwa nakaa chini kwenye saruji na kusikiliza kama mtoto.

"Onyango, wewe sikia," alikuwa akiniambia. "Ile Lord's ya London si kiwanja sawa. Iko mteremko. Upande moja juu, upande ingine chini, kupita urefu ya mtu. Mpira nateremka yenyewe. Na hapana sawazisha. Miaka yote hiyo, hapana sawazisha!"

Ndiye aliyenieleza kwamba mwenye kiwanja hicho cha kwanza alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo, na alipohamishwa mahali aling'oa nyasi zake akaenda nazo, akahamishwa tena akazing'oa tena. Nilimpenda mtu huyo bila kumwona. Alinisimulia kiwanja kimoja cha Canterbury, huko huko Uingereza, chenye mti mkubwa ndani ya mpaka wake. Wenyewe hawakuukata. Walitunga sheria kwamba mpira ukigonga mti hesabu ni nne, wakaendelea kucheza. Alinieleza Galle, kule Sri Lanka, ambako watu hupanda juu ya kuta za ngome ya zamani wakaangalia mechi bure. Alinieleza Wellington, New Zealand, ambako uwanja ulikuwa dimbwi la maji mpaka tetemeko likainua ardhi. Hiyo ilinifurahisha mno. Nilikuwa nalitazama ziwa letu nikijiuliza ni viwanja vingapi viko humo chini.

Na Antigua, kisiwa kidogo cha West Indies, ambako uwanja umepakana na gereza. Kila ilipokaribia mechi wafungwa walitolewa kuja kuvuta rola na kusawazisha mahali pa kuchezea, kisha wakarudishwa ndani. Mzee Mavji alinipa hadithi hiyo kwa kucheka, nami nikawapa ninyi kwa kucheka, mezani, mkiwa wadogo. Wewe ndiye uliyeuliza kama wafungwa waliruhusiwa kuangalia mechi. Nilikuambia umalize ugali.

Nilivihifadhi viwanja vyote hivyo kichwani, Akinyi. Mzee Mavji alipokwenda kuishi na binti yake Leicester, Uingereza, aliniachia lile sanduku, nikayasoma magazeti mpaka yakachanika. Nikaanza kuwasimulia watu. Mwanzoni nilikuwa nasema "Mzee Mavji anasema." Baadaye nikawa nasema "kule Lord's wanafanya hivi," kwa sauti ya mtu aliyefika. Sijawahi kuvuka Nakuru. Wewe unajua, lakini wageni hawakujua, nami sikuwarekebisha. Wachezaji wa Nairobi wakija walikuwa wanaitana: "Njooni mumsikie huyu mzee wa Kisumu, anajua kila kiwanja duniani!" Nilikuwa nikisimama pale kwenye ngazi za jengo la klabu, nimevaa lile koti la bluu alilonipa Mzee Mavji, nikitoa hadithi. Hakuna kitu maishani kilichowahi kunifanya nijione mtu mkubwa kama kusimama kwenye zile ngazi.

Mjomba wako alikuja kufanya kazi nami ulipokuwa na miaka minne. Mimi mwenyewe nilimleta, nikamwombea nafasi. Alikuwa akiishi nasi katika nyumba hiyo hiyo ya klabu, analala chumba cha mbele. Labda unakumbuka alivyokuwa akikupandisha juu ya rola na kukuvuta huku ukimpigia kelele aongeze mwendo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kazi tuliigawana: mimi nilikaza mkeka upande wa mjini, yeye upande wa ziwani. Nitakueleza jambo ambalo sijawahi kukiri kwa mtu, kwamba mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Upande wangu ndio niliokuwa nikirudia kuupima. Wake sikuwa na haja.

Mwaka uliofuata ule wa mapinduzi yaliyoshindwa, klabu ilikuwa imepungukiwa watu. Wahindi wengi walikuwa wamehama. Kwa hiyo timu kubwa ya Nairobi ilipokubali kuja kucheza nasi, ilikuwa heshima, na kamati ilitaka kila kitu kipendeze. Usiku wa Jumamosi mvua ilinyesha. Jumapili asubuhi tukaanika murram, tukapitisha rola, tukatandika mkeka upya. Upande wangu nilimaliza mapema. Basi la wageni likafika, na mmoja wao akaniita kwa jina. Alikuwa amesikia habari zangu. Nikavaa koti nikaenda kusimama kwenye ngazi.

Nilikuwa katikati ya habari za Eden Gardens, uwanja wa Calcutta ulio karibu na mto, ambako siku ya mechi watu hujaa kama mji mzima umehamia ndani. Odera akaja na mtaimbo mkononi, matope mpaka magotini. Akasimama chini ya ngazi akangoja nipumue.

"Shemeji," akasema, "upande ya ziwa bado. Kuna misumari nne haishiki, murram iko na maji. Nataka nitoboe tena mahali ingine."

Wageni walimtazama. Nikaona haya, Akinyi, nikaona haya kwa ajili ya yale matope yake mbele ya watu wa Nairobi. Hiyo ndiyo haya niliyokuwa nayo siku hizo.

"Wacha hiyo," nikamwambia. "Kwanza lete viti za wageni. Hiyo upande nitaangalia mimi."

"Inainuka, shemeji."

"Nimesema nitaangalia mimi!"

Akaenda kuleta viti. Nami nikarudi Calcutta. Nilipomaliza Calcutta nikaingia Sydney, kwenye kile kilima cha nyasi ambako watu hukaa wakiwatania wachezaji. Wakacheka, nami nikaendelea. Nilipotazama tena, wachezaji walikuwa wanaingia uwanjani. Niliutazama mkeka kutoka pale juu. Ulikuwa umelala vizuri. Asubuhi hakuna upepo. Nikajiambia uko sawa. Sikushuka, sikuinama, sikutumia hata kidole kimoja.

Wewe umekulia hapa, unajua upepo wa ziwa hufika saa ngapi. Kila siku mchana, kwa saa yake, kama mtu anayekwenda kazini. Mimi niliyejua upepo wa kila kiwanja duniani niliusahau wa kwetu. Ulikuja baada ya chakula ukaingia chini ya ukingo wa mkeka upande wa ziwani, ukauinua kama mtu anayechungulia, mahali pale pale penye misumari minne. Aliyekuwa akipiga alikuwa Kirit, mtoto wa mwenye duka la vipuri vya magari. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa mchezaji pekee ambaye akitolewa alipita ghalani kusema asante kwa mkeka. Mpira ukagonga lile kunjo, ukaruka juu badala ya kuja mbele. Siku hizo hatukuwa na kofia za chuma. Ulimpata kwenye jicho la kushoto, na jicho hilo halikuona tena.

Sitakueleza habari za damu. Ulikuwa na miaka saba, ulikuwa kwenye uzio na mama yako, na nadhani uliona ya kutosha.

Jioni ile kamati ilikaa ndani, watu watano na baba yake Kirit. Tuliitwa wote wawili, tukasimama mlangoni bila viatu kwa sababu ya matope. Mwenyekiti hakupaza sauti. Aliuliza swali moja tu.

"Onyango. Nani nafunga hii upande ya ziwa?"

Nimekuwa na miaka kumi na miwili ya kulifikiria swali lile. Lilikuwa na majibu mengi ya kweli. Ningesema, aliifunga Odera lakini mimi nilimwondoa kabla hajamaliza. Ningesema, niliahidi kuangalia na sikuangalia. Ningesema tu, ni mimi, nilikuwa kwenye ngazi nikijigamba. Badala yake nilisema hivi, na nakuandikia neno kwa neno: "Upande wa ziwani ni wa Odera."

Ona lilivyo, mwanangu. Hakuna neno la uongo ndani yake. Nilitafuta ukweli uliofaa kumwangusha mtu mwingine, nikaupata upesi kuliko nilivyowahi kupata kitu chochote.

Odera alinigeukia. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo si lake. Mama yako wakati huo alikuwa mja mzito wa Ouma, miezi saba, na nyumba ni ya klabu. Akifukuzwa mtunza uwanja, nyumba inakwenda naye. Nilimwona Odera akilifikiria hilo. Nilimwona akilimaliza. Kisha akawageukia wale wazee akasema, "Ni kweli. Upande ya ziwa ni yangu."

Walimfukuza pale pale. Alirudi uwanjani akanisaidia kuviringisha mkeka, maana mtu mmoja hauwezi. Aliung'oa kila msumari wa upande wake akaupanga kwenye mkebe, kisha akachukua blanketi lake akaenda kutafuta gari la Usenge. Huko ndiko amekaa mpaka leo, akinunua omena kwenye mitumbwi na kuianika.

Kirit nilikwenda kumwona hospitalini. Alikuwa amefungwa bandeji nusu ya uso. Alinishika mkono akasema, "Nasikia Odera amefukuzwa. Yeye mtu mzuri. Mwambie mimi sina hasira na yeye." Nikasema nitamwambia. Baadaye familia yao ilihama. Ujumbe ule nilikaa nao miaka kumi na miwili. Kumpelekea Odera msamaha wa kosa langu kulinishinda.

Sasa sikiliza sehemu hii, maana ndiyo mbaya zaidi, na ndiyo inayokuhusu wewe. Kosa la asubuhi lilikuwa la uzembe na majivuno, na la jioni lilikuwa la woga. Mtu anaweza kuyabeba hayo. Lakini wewe uliniuliza habari za mjomba wako, ukiwa umesimama kwenye chumba cha mbele kisicho na blanketi lake, "Nera ameenda wapi?" Ningekujibu lolote. Ningesema amepata kazi Usenge. Nikakuambia, "Amefukuzwa kwa sababu hakazi kazi yake. Usiwe kama yeye." Kwa nini niliongeza hayo? Kwa sababu uongo ukikaa peke yake unaonekana. Niliutafutia wenzake.

Wiki hiyo hiyo ulifunga mlango wa kuku vibaya, kuku wakatoka. Nikakuambia, "Hiyo ni kazi ya Odera." Ulicheka. Nikaona imefaa. Nikairudia, na mkaanza kuirudia ninyi wenyewe, wewe na Ouma, kwenye viatu, kwenye vitanda, kwenye hesabu za shule. Mama yako aliacha kucheka mapema. Alikuwa akiamini ndugu yake amempofusha mtoto wa watu, na alikuwa akiona haya kwa niaba yake. Odera alipokuja na omena wakati wa Krismasi mlimwamkia kwa mkono uliolegea. Niliona, na nikanyamaza. Nakumbuka ule mti wa Canterbury. Sisi pia tulikuwa na kitu kimesimama katikati ya nyumba, hatukukikata, tukatunga sheria za kukizunguka, na ninyi watoto mkajifunza mchezo kwa sheria hizo mkidhani ndivyo unavyochezwa kila mahali.

Mwaka juzi nilikuwa soko la Kibuye nikitafuta mnyororo wa baiskeli. Fundi mmoja, mtu nisiyemjua kabisa, akamgombeza mwenzake juu ya gurudumu: "Wewe umefanya nini hapa? Hii ni kazi ya Odera!" Nilisimama pale na mnyororo mkononi. Neno lile lilikuwa limetoka nyumbani kwetu likafika sokoni, na hakuna mahali ningeweza kwenda kulirudisha.

Hata hapo sikusema. Ilibidi nikusikie wewe, siku yako ya furaha, ukiwaahidi watu mbele ya Mungu.

Jumatatu nilimwambia mama yako. Alikuwa anachambua maharagwe. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza, kisha akaweka ungo chini. "Onyango," akasema, "mama yangu alikufa akiniuliza kwa nini mtoto wake alifukuzwa. Nikamwambia ni uzembe. Nilimwambia hivyo akiwa kitandani." Hakulia. Asubuhi alichukua kikapu akaenda Usenge. Kwa hiyo wewe uliyedhani amefuata omena ya kukupa, sivyo.

Jumanne nilikwenda kwa katibu wa klabu wa sasa, kijana mzuri, nikamweleza yote. Akanimiminia chai. "Mzee, hiyo ni mambo ya kitambo," akasema. "Wale watu hata hawako. Achana nayo, usijisumbue." Nilitoka pale nikiwa mwepesi, na nilipofika kwenye uzio nikagundua kwamba hicho ndicho nilichokwenda kutafuta, mtu wa kuniambia niachane nayo. Nikaona aibu upya.

Jana nilikwenda Usenge mwenyewe. Odera alikuwa ufuoni akigeuza omena juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani, mama yako amekaa kivulini anamwangalia. Nilisimama nikasema nilichokwenda kusema. Nikampa na ujumbe wa Kirit. Hapo peke yake ndipo aliposimama, akaniuliza, "Alisema hivyo? Lini?" Nikamwambia ni wiki ile ile. Kisha akainama tena kwenye omena.

"Shemeji," akasema, "mimi huniambii kitu. Mimi nilikuwa hapo. Nilijua tangu siku ile. Wenye hawajui ni watoto."

"Nifanye nini, Odera?"

"Ambia watoto."

Hiyo tu. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza. Nilimwomba aje kesho kukusindikiza, akasema mama yako alikwisha kumwambia, watafika pamoja saa saba.

Kwa hiyo nimeandika. Nitaiweka barua hii juu ya sanduku lako kabla ya chakula cha jioni, kisha nitakaa uwanjani. Ouma nitamwambia mwenyewe kesho asubuhi, kwa mdomo. Wewe nimekuandikia kwa sababu unakwenda mbali, na sitaki uende na hadithi yangu peke yake bila kuwa na kitu cha kushika mkononi wakati utakapoanza kuisahau au kuipunguza makali. Usiipunguze.

Utapitia Bombay kabla ya kupanda treni ya Pune kwenda chuoni. Mzee Mavji aliniambia kuna uwanja huko, wazi kwa kila mtu, ambako mechi nyingi huchezwa kwa pamoja, zimeingiliana, hata mchezaji wa timu hii amesimama karibu na mpigaji wa timu ile, na mipira inapita huku na huku, na kila mmoja anajua mchezo wake ni upi. Siku zote nilitaka kuuona huo kuliko Lord's. Ukipata nafasi nenda ukauangalie. Usiniandikie jinsi ulivyo mpaka utakapokuwa tayari kuniandikia. Na ukienda, mtafute kwa macho mtu anayefagia au kumwagilia maji mahali pa kuchezea. Huwa yupo. Mimi nilizijua hadithi za viwanja vyote hivyo na sikuwahi kujua jina la hata mmoja wa watu wanaovifanya viwe viwanja. Wale wafungwa wa Antigua nilivyowacheka. Nilikuwa na mmoja pembeni yangu, nikamtuma viti.

Kesho stesheni, kabla ya gari moshi kuondoka, mwamkie mjomba wako kwanza. Kabla ya mchungaji, kabla yangu. Mpe mikono yote miwili. Yeye hatataka wingi wa maneno, unamjua. Na kama utaona huwezi kunipa mimi mkono, nitasimama nyuma karibu na lango, na nitaelewa, na nitakupungia.

Kuna jambo la mwisho. Jumapili watu walipokuwa wanakunywa soda, baada ya kile kicheko, Odera aliingia chumbani kwako akaona kwamba kufuli la sanduku lako limevunjika. Hakuniambia. Aliomba kamba, akaketi nalo uani akilifunga peke yake karibu saa nzima, na watu wanapita wakiendelea kutaniana juu ya jina lake. Wewe hukuona, ulikuwa unapigwa picha. Leo mchana ulipokwenda kwa shangazi yako niliingia nikapiga goti mbele ya lile sanduku. Nikaikamata kamba kwa vidole viwili, kila upande, kila pembe, nikajaribu kuinua. Haikuinuka popote.

Bombay watu wa forodha watalitaka lifunguliwe. Watahangaika na mafundo hayo, na mmoja wao atakuuliza kwa hasira ni nani aliyelifunga hivi. Mimi nilipoulizwa swali kama hilo nilijibu vibaya. Wewe waambie ni kazi ya Odera.

Baba yako,
Onyango